Kindi Ndani ya Kinywa cha Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla mtu yeyote hajajenga daraja hata moja, wanyama wadogo walivuka mto wakiwa wamepanda mgongoni mwa Kiboko. Mamba wote walimwogopa, kwa hiyo abiria wake walifika ng'ambo salama.

Kiboko huyo alipenda miwa kupita kiasi. Krach, krach, krach! Akishiba, analala hivyohivyo. Hasukutui, hapigi mswaki.

Kwanza kinywa kikaanza kunuka, abiria wakawa wanasongamana upande wa mkia. Kisha fizi zikavimba, na kila akitafuna zikawa zinatoka damu. Kiboko alitema tu akaendelea. Halafu zikaja homa, leo zipo, kesho hazipo. Hamu ya chakula ikapotea, na moyo ukawa unamwenda mbio hata akitembea hatua kumi.

Siku moja, akiwa katikati ya mto na Kindi mgongoni, nguvu zikamwishia. Chubwi! Kindi akajikuta majini. Mamba wawili wakageuza vichwa. Kiboko akajikaza, akamnyanyua Kindi kwa pua, wakafika ukingoni wote wawili wanahema.

"Mzee, unaumwa," Kindi akasema.

"Nani anaumwa? Mawe yanateleza!"

"Hebu fungua kinywa nitazame."

"Wee! Kinywa changu kitazamwe na kitu kidogo kama wewe? Toka hapa!"

Mkewe, Bi Kiboko, akamvuta Kindi pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwanangu, dawa ya homa nimemchemshia. Hanywi. Nikitaja kinywa tu, ananifokea. Nitabaki mjane hivihivi namtazama."

Kesho yake asubuhi Kindi alipita mbele ya Kiboko akinyata, ameficha kitu mgongoni.

"Shikamoo, Mzee. Hujaniona, sawa?"

"Marahaba. Unaficha nini?"

"Hakuna kitu."

"Kindi!"

"Ssss! Basi, sema polepole. Ni vijiti vya Tembo. Unadhani pembe zake zinang'aa vile bure? Anatafuna kijiti kila asubuhi na kila jioni. Ameniapisha nisimwambie mnyama yeyote mwenye meno makubwa, asije akapitwa kwa uzuri."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Lete hapa!"

"Havifanyi kazi kinywa kikiwa kichafu. Tembo ana mtu anayemsafishia kwanza."

"Nani?"

"Mimi."

Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyekuwa akichungulia. Aaaaa! Akafungua.

Kindi akaziba pua, akaingia. Lo! Ukoga umegandamana kwenye meno kama udongo mkavu. Nyuzi za miwa zimeoza katikati ya meno. Kule nyuma kabisa, ufizi umevimba na kutunga usaha. Akakwangua kwa kucha zake ndogo, kwaru, kwaru. Akavuta ule uzi mbovu wa mwisho, na usaha ukaruka pwaa!

Kiboko akanguruma kwa uchungu. Taya likaanza kushuka. Mwanga ukapungua, Kindi akahisi jino likimgusa mgongo.

"Mzee!" akapiga kelele kutoka ndani. "Tembo hakufumba! Tembo hata hakulia!"

Taya likatetemeka. Likasimama. Machozi yalimtiririka Kiboko, lakini hakufumba mpaka Kindi aliporuka nje.

Bi Kiboko, ambaye Kindi alikuwa amemwambia ajiandae, akaja mbio na chungu cha maji ya vuguvugu yenye chumvi. "Sukutua, mume wangu." Akasukutua, akatema. Kisha akatafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa laini, akapiga mswaki polepole, jino kwa jino. Jioni akarudia. Kesho yake akarudia, na siku zilizofuata.

Damu ikakoma. Harufu ikaisha. Homa zikaacha kurudi, na mwezi ulipoandama Kiboko alikuwa anadai chakula kabla hakijaiva.

Ndipo Tembo alipokuja mtoni kunywa maji.

"Ndugu yangu," Kiboko akamwambia kwa tabasamu pana, "siri yako ninayo!"

"Siri gani?"

"Vijiti! Na Kindi anayekusafishia kinywa!"

"Mimi? Kindi huyo hajawahi kuliona hata jino langu moja."

"Kindiiii!"

Du! Du! Du! Kiboko akapanda kilima anakoishi Kindi kwa kishindo. Kindi, kuona hivyo, akapanda mti mara moja.

"Umenidanganya!"

"Nimekudanganya, Mzee, nisamehe. Lakini kilima chote hicho umekipanda kwa mbio. Hebu usikilize moyo wako."

Kiboko akasikiliza. Moyo ulikuwa unapiga vizuri, wala hakuishiwa nguvu.

"Uchafu ule haukukaa kinywani tu," Kindi akasema. "Fizi zako zilikuwa na vidonda. Ukapenya humo, ukaingia kwenye damu, na damu inazunguka mwili mzima. Ningekwambia hivyo siku ile, ungenisikiliza?"

Kiboko akakuna shingo kwenye gogo. "Nisingekusikiliza," akakiri. Kisha akacheka, kwa-kwa-kwa, matawi yakatikisika. "Shuka, mwanangu. Jirani yangu Nyati fizi zinamvuja damu, naye ni mbishi kuliko mimi. Tutamwambiaje?"

Kindi akashuka, tayari anatabasamu.

Basi wanangu, anayetunza meno na fizi zake anautunza mwili wake wote.