Kwa Nini Mkia wa Ningu Una Pengo

Sogeeni karibu, na mwenye swali alishike mpaka nimalize. Zamani, kabla babu wa babu yangu hajatahiriwa, samaki aitwaye ningu hakuwa na mkia huu mnaoujua. Mkia wake ulikuwa wa mviringo kama mwiko wa kusongea ugali.

Siku hizo watu wa mto Mabwe waliamini kwamba ningu huzaliwa na mvua. Masika yakipiga vilimani, mto ulifura na samaki wakaonekana. Mvua zikikatika, walitoweka. Kwa hiyo kila masika walijenga uzio wa miti na matete karibu na ziwa, kutoka ukingo huu hadi ule, pasibaki hata upenyo wa kidole. Kwenye uzio walitega migono, vile vikapu virefu ambavyo samaki akishaingia hatoki. Nani angemhurumia samaki, na mvua ya mwakani italeta mwingine?

Migono ilisukwa na Nyabweke, mjane mwenye mikono myepesi na maswali mengi. Kila alipopasua ningu alikuta tumbo limejaa mayai madogo kama ulezi, na kila mwaka aliona migono inarudi myepesi kuliko mwaka uliotangulia. Siku moja alimwuliza Mafuru, mkuu wa uzio, ambaye alikuwa ndugu wa marehemu mumewe.

"Shemeji, kama samaki hawa wanashuka na mvua kutoka vilimani, mbona wanaingia migononi wakitokea ziwani?"

Mafuru akacheka. "Samaki huliwa, shemeji. Hahojiwi."

Lakini masika yale samaki walipungua mno, na Mafuru akaacha kucheka. Alitangaza kwamba watu wa Buringa, walioishi juu ya mto, ndio waliomfunga samaki kwa uchawi. "Mvua ijayo migono ikitoka mitupu," aliapa, "tutapanda Buringa na mikuki." Neno hilo lilimfikia Nyabweke. Nyakato, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa ameolewa Buringa na alikuwa na watoto wanne huko.

Kesho yake alfajiri aliwatoa ningu waliokuwa katika mgono wake mwenyewe, akakata kipande kidogo katikati ya mkia wa kila mmoja, kisha akawaachia upande wa juu wa uzio. Alifanya hivyo siku saba. Wanawake waliokuja kuteka maji walishika mbavu kwa kicheko. "Jamani, njooni mwone! Nyabweke anawatahiri samaki!" Yeye alikuwa akiwatazama wale samaki wakipinda migongo na kupigana na mkondo kuelekea juu, akajiuliza wana haraka ya nini.

Akaona heri awafuate. Alitembea siku mbili hadi kwa Nyakato, na huko alikuta mto umepanda ukafunika majani ya bondeni. Ndani ya majani yale, katika maji ya kufika gotini, ningu walikuwa wakijisugua na kumwaga mayai. Nyabweke aliinama akasubiri. Alipita mmoja mwenye pengo mkiani, kisha mwingine.

"Hawa huja kila mafuriko," Nyakato akamwambia. "Wakubwa hurudi, halafu bonde linajaa vitoto vyembamba kama kope. Maji yakipungua navyo huenda zake. Kwani ninyi huko chini hamjui?"

Aliporudi alieleza, na Mafuru akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba dada mtu hawezi kuwa shahidi wa nduguye. Mvua ziliisha, uzio ukaondolewa, na kiangazi kizima vijana wakanoa mikuki.

Masika yalipoanza tena uzio ulijengwa. Siku tatu migono ilitoka na samaki wa kuhesabika. Siku ya nne wanaume walikuwa wamejipanga na mikuki yao pale Nyabweke alipotokea mtoni anakimbia, nguo imemlowa hadi kifuani, ungo mikononi. Aliutua miguuni pa Mafuru. Ndani walikuwamo ningu watano wanono, na kila mkia una pengo, kidonda kimeshapona.

"Wametoka upande gani?" Mafuru aliuliza.

"Ziwani, shemeji. Ni walewale wa mwaka jana. Mvua haijawahi kuzaa samaki. Wanazaa wenyewe, nasi tunawaziba mlangoni."

Mafuru alichukua kisu, akampasua mmoja. Mayai yakamjaa kiganjani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na tukiwaacha wapite, mwaka huu tutakula nini?"

"Tutakula mlenda," alisema Nyabweke. "Na mtanichukia."

Mafuru aliweka mkuki chini, akaingia mtoni na nguo zake, akaanza kung'oa miti ya katikati.

Walikula mlenda, na kweli walimchukia. Mwaka uliofuata wanawake walikuwa bado hawamsalimii. Masika ya tatu mto ulivuma kwa samaki mpaka watoto wakawashika kwa mikono, na hapo ndipo watu walipoona ajabu: hata wale wadogo, ambao kisu hakijawahi kuwagusa, walikuwa na pengo mkiani. Nyabweke mwenyewe alipoulizwa sababu alisema hajui. Alisema tu kwamba angependa kujua.

Na tangu siku hiyo mkia wa ningu umegawanyika, na uzio wa Mabwe huachwa wazi katikati masika yote. Mwaka wa njaa watu hukaa ukingoni, matumbo yakinguruma, wakawatazama samaki wanene wakipita pale pa wazi mmoja baada ya mwingine. Na hakuna anayenyoosha mkono.