Mama, Sogea Kidogo

Wapendwa, alikuwepo bwana mmoja wa mjini ambaye hamu yake kubwa ilikuwa kumwona chui kwa macho yake. Likizo ilipofika akaenda kwenye hifadhi moja ya wanyama, huko kwenye vilima vya msitu mkavu, miiba na mawe matupu. Pa kulala hakupahangaikia. Mama yake mzazi aliishi nyumba ya tatu kutoka lango la hifadhi.

Siku nne nzima na mwanawe! Mama akatoa shuka jipya sandukuni, akachinja jogoo. Jioni ile akamwambia, "Baba, nina neno langu moja, nataka tukae tuongee."

"Kesho, mama. Safari imenichosha."

Kesho yake hata hakujapambazuka, huyo, keshaondoka. Mwongozaji akampandisha kwenye jabali, akamwonya: "Chui hataki haraka, bosi. Kaa chini, zima simu, usikohoe." Na kweli akakaa. Saa tano juu ya jiwe la moto, nzi wanamtembea usoni, hata mate anayameza kwa kuiba. Nani kati yetu asingemsifu kwa subira?

Jioni akarudi hoi, akala chakula alichofunikiwa, akalala. Siku ya tatu vilevile.

Siku ya nne aliamka akafunga mkoba kabisa. Tumbili akarukia paa la jiko, na bwana akawahi kumwelekezea simu ampige picha. Mama naye alikuwa ndiyo kwanza anatoka jikoni na sahani ya viazi, akasimama mbele yake, maana lile neno lilikuwa bado limemkaa kooni.

"Mama, sogea kidogo, unanizibia!"

"Samahani, baba," akasema mama, akasogea.

Siku hiyo chui akaonekana. Bwana akapandia basi palepale langoni, akampigia mama simu akiwa njiani: "Nitakuja Pasaka, tuongee vizuri." Maskini, Pasaka haikumkuta mama hai.

Msibani ikatakiwa picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza. Mama hakuwa mtu wa kupiga picha. Shangazi akamgeukia yule bwana: "Si wewe ulikaa naye siku nne juzi juzi, na simu yako nzuri hiyo?"

Akafungua simu mbele ya watu. Chui, chui, chui. Mawe. Swala. Tumbili juu ya paa, na pembeni kabisa mwa picha kiwiko cha mkono, kipande cha khanga na nusu ya sahani ya viazi. Basi. Hiyo ndiyo picha ya mama aliyokuwa nayo, na lile neno hajalijua hadi leo.

Mnamlaumu? Mimi naona aibu kumlaumu. Ndugu zangu, sisi subira tunayo, tusidanganyane. Tunaipeleka porini, tunaipeleka kazini, tunawapa wageni. Wa nyumbani tunawaambia kesho. Aliyemngoja chui bila kukohoa alishindwa kumngoja mama yake aseme neno moja! Inauma, na inauma zaidi kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

Yupo anayekungoja leo ukitoka hapa kanisani, unamjua. Ukifika, kaa chini. Zima simu. Mwache aseme.