Jina Lililobaki kwenye Kompyuta

Hapo zamani, zamani ya juzi tu ambayo baadhi yenu mliiona, waliishi huko Usangi, kwenye milima ya Upare, mwalimu mmoja mstaafu aitwaye Eliamini na mkewe Nanzia. Walikuwa na watoto wawili, Namkunda na Elifasi, wote watu wazima. Kabla ya hao walikuwa na mtoto mwingine, aliyefariki.

Mtoto yule aliishi siku tatu, na siku zote tatu mama yake hakuwa na fahamu. Eliamini akambatiza mwenyewe, akampa jina, akamzika. Nanzia alipozinduka alimwambia mumewe, "Usiniambie jina lake. Nikilijua nitaliita, na hataitika. Siku nikiweza, nitakuuliza."

"Nitangoja," akasema Eliamini.

Akangoja. Alipostaafu alinunua kompyuta, akaweka programu ya kuandikia ukoo, akazunguka vijijini miaka kumi na minne akiuliza nani alimzaa nani. Akaandika watu elfu moja mia nne na sita. Mwanawe yule wa siku tatu alimwandika "Mtoto wa kiume" tu. Jina lenyewe akaliweka kwenye maelezo ya faragha, Nanzia asije akakutana nalo kabla ya siku yake.

Jamaa wakazidi kutawanyika, huyu Mwanza, yule Mtwara, mwingine Muscat. Eliamini akamwambia mwanawe, "Elifasi, uhamishie ukoo mtandaoni, kila mmoja auone kwenye simu yake."

Elifasi akatoa faili kwenye programu. Kompyuta ikamuuliza: na maelezo ya faragha yaende? Akafikiri, humo baba ameandika magonjwa ya watu na ugomvi wa watu, na huko mtandaoni kila mtu atasoma. Akajibu hapana. Akalipandisha faili kwenye tovuti, akahesabu watu. Huku elfu moja mia nne na sita, kule elfu moja mia nne na sita.

"Wote wamefika," akasema.

Namkunda akauliza, "Kwa hiyo kompyuta haina kazi tena? Baba, tuwape shule uliyofundisha?"

"Kama wote wamefika, wapeni," akasema Eliamini, bila kufungua simu kukagua.

Namkunda akafuta kila kilichokuwamo, akaipeleka shuleni.

Mwezi uliofuata Eliamini akapata kiharusi. Ulimi ukagoma, mkono wa kuandikia ukalala. Nanzia akakaa kitandani pake, akaona muda unakwisha.

"Baba Namkunda," akasema, "leo nakuuliza. Mwanangu aliitwa nani?"

Eliamini akanyanyua mkono uliobaki, akaionyesha meza ya kompyuta. Meza ilikuwa tupu.

Wakafungua simu. Palikuwa na "Mtoto wa kiume", na chini yake peupe. Wakapiga simu shuleni, wakaambiwa kompyuta imeshawekewa masomo, yaliyokuwamo zamani hayapatikani tena. Kanisani wala kaburini jina halikuandikwa, na waliokuwapo kwenye ubatizo walikwishafariki wote. Wakamwekea herufi azionyeshe kwa kidole, lakini kiharusi kilikuwa kimezivuruga kichwani mwake. Basi wakaanza kumtajia majina: ya babu zake, ya mitume, ya rafiki zake wa ujana. Wakitaja, anatikisa kichwa. Wakitaja, anatikisa kichwa. Siku nne alitikisa kichwa huku machozi yakimtoka. Siku ya tano akafariki.

Matanga yalipokwisha, Nanzia akawaita wanawe. Akasema, "Kaka yenu hawezi kukaa bila jina. Aliyempotezea la kwanza ndiye atakayempa la pili. Semeni, ni nani?"

Elifasi akasema, "Ni mimi, Mama. Niliulizwa waziwazi, nikajibu hapana. Nilihesabu watu, sikusoma yaliyoandikwa juu yao. Mimi ndiye niliyefanya jina lake lipotee, acha nimtafutie jingine."

Namkunda akasema, "Wewe uliliacha nyuma, lakini palikuwa na pa kurudi kulichukua. Mimi ndiye niliyefuta. Ningengoja mwezi mmoja tu, baba angeonyesha meza na kitu kingekuwapo. Ni mimi, Mama."

Nanzia akasema, "Baba yenu naye alilificha mno, na akaitoa kompyuta bila kukagua. Angekuwa hai, ningemwachia yeye. Lakini wanangu, mimi nilikuwa na miaka arobaini ya kuuliza. Arobaini. Nililala kando ya mtu anayelijua, nikamtilia chai, nikamfulia mashati, sikuuliza. Nimeuliza siku ambayo hawezi kusema. Mnawezaje kunipokonya kosa hili?"

Elifasi akaweka simu mbele yao, ukurasa wa mtoto ukiwa wazi. Hakuna aliyeugusa. Mpaka leo pale chini pako peupe, na Nanzia macho yanaanza kumwisha nguvu.

Sasa ninyi mlionisikiliza, nisaidieni, maana mimi nimeshindwa. Yupo aliyeliacha, yupo aliyelifuta, na yupo aliyechelewa kuliuliza. Je, nani anastahili kumpa mtoto yule jina?