Darasa Lililosoma Ubao Mtupu

Haya, funikeni vitabu vya nyimbo mnisikilize. Neno la leo ni la mwalimu, na humu ndani kila mtu ana mtoto shuleni, au aliwahi kuwa mtoto mwenyewe.

Palikuwa na mwalimu mmoja, binti mbichi kabisa, ametoka chuoni mwaka uleule. Akapangiwa shule ya mlimani, akakabidhiwa darasa la kwanza: watoto mia moja na kumi na mmoja, madawati kumi na tisa, waliobaki wamepangwa sakafuni kama maboga sokoni. Mwalimu mkuu akampa boksi moja la chaki, akamwambia, "Karibu sana, mwalimu. Tulikuwa tunaomba uje." Akaenda zake kunywa chai.

Binti akaanza kwa moyo wote. Anaandika ubaoni, anaonyesha kwa fimbo, anasoma, watoto wanamfuata. Baba ana bata. Bata ana bawa. Akimaliza anauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimuuu!" Bati linatikisika.

Nani asingefurahi? Miezi minne alitembea kifua mbele, akiamini Mungu amempa kipaji.

Mwezi wa tano, siku moja, watoto wakiwa katikati ya kusoma, akageuka kufuta ubao ili aandike sentensi nyingine. Akafuta mstari wa kwanza. Wakaendelea kusoma. Akafuta wa pili. Wakaendelea. Akafuta yote, ubao ukabaki mweusi kama kitako cha chungu, na watoto mia moja na kumi na mmoja wamekodoa macho palepale, wanasoma kwa sauti: "Bata ana bawa! Baba ana bata!"

Jamani, walikuwa wanasoma nini?

Akaanza kuwaita mmoja mmoja. Ilimchukua wiki mbili. Waliozijua herufi walikuwa tisa. Tisa! Tangu siku hiyo chakula hakikumpita kooni. Kazi aliyoililia tangu utotoni ilikuwa inamfia mikononi, na mwaka wenyewe hata haujaisha. Lakini akipita njiani, mama mmoja akimwuliza, "Habari za shule, mwalimu?" anajibu, "Nzuri tu, mama." Nzuri! Na sketi ameishikiza kwa pini isimdondoke.

Mwezi wa tisa, kwenye kikao cha walimu, akapiga moyo konde akanyoosha mkono. "Mkuu, darasa limenishinda. Watoto hawajui kusoma, na mimi sijui nifanyeje. Naomba mnisaidie."

Mwalimu wa darasa la saba, mkongwe wa kazi, akaangua kicheko. "Mtu mzima unashindwa na ba be bi bo bu?"

Ofisi nzima ikacheka. Mkuu naye akajifuta machozi. "Mwalimu nawe! Wakisema ndiyo, wewe andika ndiyo. Sisi unadhani tumefikaje hapa? Haya, ajenda inayofuata."

Akakaa.

Asubuhi yake, akipanda mlima kwenda shuleni, akaomba: "Bwana, nipe mtoto mmoja tu aniambie ukweli, nianzie hapo. Usiponipa, leo hii naacha kazi."

Na Mungu hakuchelewa. Alimjibu hata kengele ya mapumziko haijalia. Binti kauliza, "Mmeelewa?" Darasa likaitika kama kawaida yake. Kisha kule mlangoni, katoto kembamba ka kike kakasimama. "Mwalimu, mimi sijaelewa. Sijui kusoma hata kimoja. Huwa nafuata tu midomo ya wenzangu."

Watoto wakalipuka kwa kicheko. Na mwalimu? Mnadhani alimkumbatia? Alicheka, tena alicheka kuliko wao. Akamwambia, "Mtoto mzima unashindwa na ba be bi bo bu?"

Katoto kakaketi. Kesho yake, "ndiyo" yake ilisikika kuliko za wote.

Mwalimu hakuacha kazi. Mwaka aliumaliza, na siku ya kufunga shule akapongezwa mbele ya wazazi kwa kuwa na darasa lisilo na matatizo.

Naona mnamgunia yule binti. Acheni kuguna. Shule ile tunaiendesha sisi, na hapa ndipo ilipo.

Mwezi uliopita, wakati wa ushuhuda, watu walisimama mmoja baada ya mwingine, Bwana kanitendea hiki, Bwana kanipa kile. Akasimama na mama mmoja, mke wa mzee wa kanisa. Akasema, "Tangu nimzike mwanangu, nikiomba naona nasema na ukuta. Naomba mnifundishe upya kuomba." Sisi tulimfanya nini? Kwaya iliruka na pambio. Mtu akanong'ona, "Mke wa mzee wa kanisa mzima hajui kuomba!" na benchi zima likajifunika khanga mdomoni. Hakuna aliyemshika hata mkono.

Jumapili ya nne hii hayupo. Na sisi tunasema tunamwombea apate imani. Imani ipi tena? Kusimama mbele ya watu wa namna yetu ukasema hujui, hiyo ni nini?

Leo tukitoka msikae uani kupiga soga. Nendeni kwake. Msibebe Biblia, msianzishe wimbo. Pigeni hodi. Akifungua, mwambieni hata ninyi hamjui kuomba, mmekuja mkae naye. Na asipofungua, msigonge mara ya tatu. Kunyamaza tumemfundisha wenyewe.