Ua wa Minyaa wa Mama Kanga

Paukwa!

— Pakawa!

Hao waliojibu ni watoto. Nyie wakubwa mlioegemea ukuta, midomo yenu ni ya kulia ugali tu? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, bibi yangu hajazaliwa na bibi yake hajazaliwa, kiangazi kiliingia nyikani kikakataa kutoka. Majani yakapukutika. Nyasi zikaisha. Mama Kanga akabaki peupe na vifaranga wake, hana kichaka cha kuwaficha.

Na Mbweha anapita. Asubuhi anapita, jioni anapita, anaimba:

"Kanga, Kanga, hesabu wanao!
Kanga, Kanga, hesabu wanao!"

Siku moja Mama Kanga akahesabu, mmoja hayupo. Akalia ke-ke-ke, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Akaenda kwa Mnyaa. Mnyaa mnamjua? Vijiti vitupu, vya kijani, jani la kufunikia aibu hana. Wanyama wote walikuwa wakimcheka.

"Shikamoo, Mzee Mnyaa."

"Marahaba, mwanangu."

"Miti yote imekauka, wewe mbichi. Na majani huna!"

"Vijiti vyangu ndiyo majani yangu. Maji nimeyaweka humu humu mwilini. Wenye majani mapana, jua limewanyonya. Haya, unataka nini?"

"Ua wa kujizungushia, mzee. Wanangu wanaliwa."

"Kata matawi. Lakini maziwa yangu makali, linda macho. Na ukishakata, usichomeke siku hiyo. Yalaze kivulini, kidonda kikauke. Ukinifukia na kidonda kibichi, naoza."

Mama Kanga akakata, macho kafumba. Jirani yake Kwale, mwenye vifaranga pia, alikuwa palepale akisikia. Naye akakata.

Kwale hakungoja. Mchana ule ule, chome, chome, chome! Akayamwagia na maji juu. Ua ukasimama, wa kijani, unapendeza kweli. Kisha akaenda kumtazama jirani. Akakuta matawi yamelala kivulini mwa jiwe, yamesinyaa.

"Shoga, unauguza kuni?" Kwale akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, tuchomeke?" vifaranga wa Kanga wakauliza.

"Bado. Kidonda kibichi."

Mbweha akapita. "Kanga, Kanga, hesabu wanao!" Mama Kanga akawakumbatia kwa mbawa, usiku kucha hasinzii. Mimi ningechomeka, nawaambia ukweli.

"Mama, tuchomeke?"

"Bado."

"Mama, tuchomeke?"

Akagusa kidonda. Pakavu! Maziwa yameganda, kidonda kimefunga.

"Haya wanangu, chomekeni!"

Chome, chome, chome! Siku zikaenda. Vijiti vikashika mizizi, vikanenepa, vikasongamana. Panya mwenyewe hapenyi.

Jioni moja ua wa Kwale ukaanguka, puu! Chini kote umeoza. Mbweha huyo, ndani! Kwale mbio na wanawe, mbio mpaka kwa jirani.

"Shoga, nifungulie! Nilikucheka, nisamehe!"

"Ingia, ingia! Lawama baadaye."

Wakaingia wote. Mama Kanga akaziba mlango kwa jiwe. Mbweha akafika, anahema.

"Vijiti hivi ndivyo vinizuie mimi?"

Akang'ata, kwacha! Maziwa tiriri! Mdomoni, puani, machoni.

"Uwiii! Nawaka! Nawaka!"

Akatimua mbio haoni mbele, anajigonga kwenye vichuguu, pu! pu! pu!

Vishindo vikapotelea mbali.

Kifaranga mmoja akacheka. Wakacheka wote. Kwale akacheka huku analia. Mama Kanga akashusha pumzi, fuuu, pumzi aliyoibeba kiangazi kizima. Alifurahi jamani, alifurahi! Akapanda juu ya jiwe, akaita:

"Mbwehaaa! Mmoja ulimla. Waliobaki nimewahesabu, wametimia! Na wa jirani wamezidi!"

Kisha akalala. Akalala mpaka jua likamkuta.

Naona mmeshafungua midomo mniambie haraka haraka haina baraka. Hiyo mnaijua. Yangu ni hii: aliyekatwa aachwe kwanza apone, ndipo apewe kazi ya kusimama. Na nyie watoto, maziwa ya mnyaa msiyachezee. Macho hayana spea.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa ua. Aliye ndani alale, aliye nje arudi kwao.