Ngiri na Vyeo Vyake

Paukwa!

Pakawa!

Mbona wa nyuma siwasikii? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, mtawala wa wanyama alikuwa Ngiri, na cheo chake Jumbe. Alikuwako pia Nungunungu, mama wa watoto wengi, mwenye shamba la mihogo.

Siku moja Ngiri akaja, mkia juu. "Mama Nungunungu, lete mihogo. Hii ni kodi ya Jumbe." Akatafuna, kropu kropu kropu, akaenda zake. Watoto wa Nungunungu wakalala na njaa.

Wanyama wakaja juu. "Hatumtaki Jumbe! Hatutaki kodi!"

"Haya," akasema Ngiri, "Jumbe hayupo tena. Kodi imekwisha."

Lo! Wakacheza ngoma mpaka vumbi likatimka.

Kesho yake Ngiri huyo, kilemba chekundu kichwani. "Mimi Sultani. Nimefuata ushuru." Kropu kropu kropu! Watoto wakalala na njaa.

"Hatumtaki Sultani! Hatutaki ushuru!"

"Haya, Sultani hayupo tena."

Lo! Wakacheza tena, Kobe akaanguka chali, akaendelea kucheza hivyo hivyo.

Mara ya tatu Ngiri akaja amevaa sufuria kichwani. "Mimi Mheshimiwa Mwenyekiti. Nakusanya mchango."

"Mchango si ni hiari?" akauliza Nungunungu.

"Hiari kabisa. Asiyetoa namng'ata."

Nungunungu akawatazama wanawe, mbavu nje. Moyo ukamuuma. Kisha akaitazama ile sufuria, kicheko kikampanda, akakimeza. Akainama.

"Mheshimiwa, cheo hicho kidogo kwako. Kipo kikubwa zaidi."

Masikio ya Ngiri yakasimama. "Kipi hicho, mama?"

"Mtumishi Mkuu wa Wote. Lakini lazima uape hadharani."

"Niapisheni leo leo!"

Wanyama wakakusanyika. Ngiri akatoa kifua. "Mimi ndiye Mtumishi Mkuu wa Wote! Nikikataa utumishi, Kifaru anipige pembe!"

Vigelegele! Vifijo! Nungunungu akamkabidhi jembe.

"Nini hiki?"

"Utumishi, Mtumishi Mkuu. Anzia kule penye magugu."

Ngiri akageuka atoke mbio. Nyuma yake amesimama Kifaru, ananoa pembe kwenye mti, taratibu, huku anatabasamu. Ngiri akapiga magoti, akalima. Akalima shamba la Nungunungu, akalima la Sungura, akalima la Kobe. Ndiyo maana mpaka leo ngiri akichimba ardhi hupiga magoti.

Na watoto wa Nungunungu? Walikula mihogo mpaka matumbo yakalia ndi! ndi!

Basi wenzangu, mtawala akibadili jina, msikimbilie kucheza ngoma. Tazameni kwanza mihogo inaingia mdomo gani.

Hadithi yangu imefika. Ikiwa tamu, gawaneni nyote. Ikiwa chungu, nirudishieni niimalize mwenyewe.