Kikombe cha Naama

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Sanaa, zama za watu walioikumbuka Siku ya Hesabu hata wakiwa sokoni, alikuwapo mtengeneza matandiko ya farasi aitwaye Mukbil. Mkewe Takiya, Mola amrehemu, alifariki kwa homa. Kabla ya kukata roho alimshika mumewe mkono akamwambia, "Kikombe cha Naama kimo sandukuni, ndani ya shali yangu. Ni amana. Usimpe mtu ila mwenyewe."

Naama alikuwa jirani yao, mjane wa Kiyahudi, aliyekwenda Dhamari kumuuguza binti yake. Njia ilikuwa na wanyang'anyi, ndipo akamwachia Takiya kikombe cha fedha cha kale, kilichonakshiwa mizabibu na herufi za Kiebrania. Wazee wake walikitumia kizazi baada ya kizazi kuikaribisha Sabato, kila Ijumaa jua linapozama.

Mwaka ukapita bila habari za Naama. Wanawake waliomwosha marehemu walikuwa wamekiona kikombe walipotafuta sanda, na maneno yakaenea. Shekhe Hamud, msimamizi wa msikiti, akaja dukani na wenzake wawili.

"Bwana Mukbil, yule mjane wa Kiyahudi keshakufa. Na kikombe chenyewe ni cha mvinyo. Tukiyeyushe, tupate taa ya msikiti kwa jina la marehemu mkeo. Kila atakayesoma kwa nuru yake, thawabu zitamfikia."

"Unamtakia mke wangu thawabu za mali ya mtu?"

Mmoja akacheka. "Mtazameni mtunza pombe wa Mayahudi."

Mukbil alikuwa na hasira tangu siku ya mazishi. Aliikasirikia homa, akawakasirikia waliokuja kutoa pole huku macho yao yakizunguka kutani. Sasa hasira ile ilipata pa kutokea, na sindano ya kushonea ngozi ilikuwa mkononi mwake. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba aliitamani ile taa. Aliweza kuiona ikiwaka, na jina la Takiya limeandikwa ubavuni.

Akaiweka sindano chini. "Alinishika mkono," akasema. "Tokeni dukani kwangu."

Tangu hapo watu walimpita pasipo salamu, na matandiko yao wakayapeleka kwingine. Akasubiri.

Ijumaa moja baada ya sala, Shekhe Hamud alirudi, safari hii akiwa na mfua fedha. Walikuwa bado wakibishana Naama alipotokea mlangoni, amejaa vumbi la njia. Alipoambiwa kwamba Takiya hayupo tena, aliketi kizingitini akalia. Mukbil akaenda ndani, akamletea shali na kilichomo.

"Jirani," Naama akasema, akikipangusa kikombe kwa ncha ya shali, "tangu nifiwe, mvinyo ulinishinda bei. Takiya ndiye aliyenilowekea zabibu kavu jikoni kwake. Maji yale ndiyo niliyoyatia humu kuibariki Sabato."

Mukbil akakumbuka mtungi mdogo nyuma ya mlango wa jiko. Kila aliponyoosha mkono aonje, mkewe alimpiga kofi jepesi. "Hayo si yako, bwana we."

Shekhe Hamud akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Kumbe maji ya zabibu. Basi hapana neno, mama, chukua kikombe chako."

Mukbil akamgeukia. Sauti yake haikupanda.

"Na kingekuwa cha mvinyo, Shekhe, kingekuwa chako?"

Shekhe Hamud akatafuta viatu vyake, na alivipata kwa shida.

Juma lililofuata Mukbil aliutoa ule mtungi, akaloweka zabibu, na Ijumaa kabla ya magharibi akaupeleka mwenyewe mlangoni kwa Naama. Hakuonja.

Enyi waumini, mwenye kuwekewa amana haulizwi chombo kilitiwa nini. Huulizwa ni cha nani, na kama kilimfikia. Wengi wetu tungeiwasha taa ile na kusoma kwa nuru yake bila kuona haya. Ama Mukbil, hatukusimuliwa kwamba hasira yake ilipoa. Tumesimuliwa tu kwamba amana ilifika.